Hayupo Nyumbani

Dar es Salaam,
11 Machi 2024

Kaka Athanasi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wote wa hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Gharib anakohoa kwa ajili ya vumbi la barabara wanayojenga mbele ya nyumba, lakini anakula, anasali na anakusalimia. Watoto wako shule.

Nimerudi kwenye kalamu kwa sababu simu haitufai tena. Baada ya arobaini ya mama, Mayu wetu, nilikupigia, ukawa unasema "eeh, eeh" tu, nikajua husikii kitu. Masikio yako uliyaacha kwenye mashine za kuchambulia pamba. Ujumbe mfupi nao, wewe ulisema unaona kama nakufokea. Basi tuandikiane kama zamani nilipokuwa sekondari. Bahasha nampa konda wa basi mpaka Bariadi, na kutoka Bariadi itakuja na basi la Mwandoya mpaka dukani kwa Maua.

Sijalia bado, kaka. Nilidhani nitalia njiani, halafu nikadhani nitalia nikifika kazini watu wakinipa pole. Waliponipa pole niliwashukuru, nikauliza ripoti ya Januari iko wapi. Ni kama mguu ulioukalia vibaya. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Kazi yangu unaijua: wapimaji wetu hupita nyumba kwa nyumba mkoani hapo Simiyu, wanapima presha za watu wa makamo na wazee, tuwapate wenye ugonjwa kabla moyo haujachoka na mishipa haijapasuka. Juzi nimetafuta jina la Mayu kwenye kompyuta. Klementina Nyanda, kitongoji chetu. Kila raundi aliyopita, mpimaji ameingiza neno moja: hayupo. Mama yangu mzazi, katika utafiti wangu mwenyewe, hakuwahi kupimwa.

Lakini mimi aliniambia amepimwa. Krismasi ya mwaka juzi nilitoa kipimo kwenye mkoba, akanirudisha mkono, akasema, "Acha, ng'wanangu. Watu wako walishapita, wamesema niko mzima." Nikakirudisha kipimo mkobani, tukaendelea kumenya viazi.

Mayu alikuwa wapi siku hizo? Mlango wako na wake inatazamana. Niambie.

Atakuja pia mtu wa mahojiano ya msiba. Kila kifo katika vijiji vyetu tunauliza kilivyotokea, ndivyo tunavyojua watu wanaondoka na nini. Usimkatalie.

Na dawa zako za presha, unameza?

Mdogo wako,
Scola


Mwandoya,
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Scola,

Mwadila. Nakupa salamu ya jioni kwa kuwa ndiyo saa niliyopata kukaa. Sisi wazima. Wifi yako mzima, anasema umekonda kwenye picha aliyoonyeshwa na ndugu yetu Winnie. Winnie mwenyewe hajambo, na mume wake Dastan hajambo, na watoto wao wanapanda minyaa ya ua wangu kana kwamba ni ngazi. Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa ndama jike. Pamba imeliwa na nyasi, maana mvua ya mwaka huu haijui kupumzika, na mtu hawezi kupalilia tope.

Barua yako ilikaa dukani kwa Maua muda mrefu. Mto ulijaa, basi likawa linageuzia ng'ambo, na konda alipoivusha hatimaye mimi nilikuwa sijui. Maua aliiweka juu ya magunia ya sukari isilowe. Aliponikabidhi alikuwa amenuna, kana kwamba mto niliujaza mimi.

Unauliza Mayu alikuwa wapi. Mayu alikuwa mtu wa kutembea. Wazee unawajua. Leo kisimani, kesho kwa jirani, keshokutwa kwa akina mama wa kanisa. Wapimaji nao hawana saa maalumu. Ndiyo hivyo.

Mtu wako wa mahojiano ya msiba alikuja, mama mmoja mstaarabu kutoka Bariadi. Aliketi vizuri, akatupa pole, akafungua kishikwambi chake akaanza. Mkono upi ulilegea kwanza. Mdomo ulipinda upande gani. Alisema nini kabla ya kunyamaza. Nikamwambia tuna kazi shambani. Akasema atarudi. Nikamwambia asirudi. Usimgombeze, alifanya kazi yake, na nilimpa chai kwanza.

Wifi yako anauliza chungu cha chumvi cha Mayu akifanyeje. Kile cha chumvi ya Ziwa Eyasi, ya mabonge, uliyokuwa unamkataza kila ukija. Kimebaki nusu. Hakuna anayethubutu kuipikia na hakuna anayethubutu kuimwaga.

Ni mimi kaka yako,
Athanasi


Dar es Salaam,
3 Mei 2024

Kaka Athanasi,

Nimefurahi kusikia habari za ndama. Gharib amepona kikohozi. Mtoto wetu mkubwa ameanza kuvaa viatu vyangu bila kuomba. Hatujambo wote.

Hukujibu kuhusu dawa. Nimeona.

Na kuhusu Mayu umejibu kama unavyowajibu watu wa kodi. Mayu aende kisimani? Kwa goti lile? Tangu lilipovimba alikuwa akitoka mlangoni kwake mpaka zizini, basi, na kanisani alipelekwa kwa bodaboda. Wewe mwenyewe ndiye uliyemchongea fimbo.

Nikueleze kwa nini nasumbua, usidhani ni udaktari tu. Nilifanya kazi wodini miaka mingi. Watu waliletwa kwangu wakiwa wameshapooza, ndugu zao wamewabeba kwenye shuka, na mimi kazi yangu ikawa kutoa pole kwa maneno marefu. Nilikuwa kama mtu anayefika shambani ng'ombe wameshamaliza mtama, anabaki kuhesabu mabua. Nikaacha wodi, nikarudi shule, nikaanza kuwafuata watu wakiwa bado wazima. Utafiti huu wa Simiyu niliuanzisha mimi. Wenzangu walitaka wapimaji watoke mjini. Mimi nikasimama, nikasema mpimaji achaguliwe na mkutano wa kijiji hicho hicho, ili watu wasimkimbie. Nilishinda. Cheo nilichonacho nilikipata kwa hoja hiyo.

Sasa sikiliza. Baada ya kuona jina la Mayu nimeangalia wilaya yetu nzima ya Meatu. Bibi wa umri wake wengi mno wameandikwa hayupo. Wachache waliopatikana wana presha nzuri. Tulipopiga hesabu ikaonekana bibi wa Meatu wana mioyo ya wasichana, nasi tukaandika kwamba ni kwa ajili ya kutembea na kunywa maziwa. Tulisifiwa. Na mpango wa dawa za presha kwa vituo vya afya vya mkoa unaandikwa kwa namba hizo. Utasomwa Bariadi mwisho wa mwezi huu. Meatu imewekewa dawa kidogo kuliko wilaya zote, kwa kuwa nilisema hawazihitaji.

Kwa hiyo kama namba ni za uongo, kuna akina Mayu wengine wamekaa hapo Mwandoya wanangoja kuanguka, na kituoni hakuna kidonge.

Nadhani wapimaji wanakaa mahali pa baridi wanabonyeza "hayupo" wamalize kazi mapema. Kwenye kitongoji chetu mpimaji ni shemeji yetu Dastan. Nimempigia, hapokei. Winnie anasema mume wake hajisikii vizuri. Kama ni uvivu nitamwachisha kazi, kaka, na undugu sitautazama. Niambie unachokijua kabla sijafanya hivyo.

Scola


Mwandoya,
19 Juni 2024

Mdogo wangu Scola,

Mwangaluka, leo nakupa salamu ya asubuhi. Hatujambo. Pamba tumevuna iliyobaki, tunapanga foleni kwenye mzani tangu jua linapochomoza, na vumbi limerudi kama vile mvua haijawahi kuwepo. Ndama anakunywa vizuri.

Maua alikwenda Bariadi kuchukua mzigo wa duka, siku za mkutano wenu. Anasema alikuona nje ya ukumbi, umesimama peke yako na chupa ya maji. Alikupungia mkono, hukumwona. Alipotuambia, wifi yako alichinja kuku, tukijua jioni utashuka kwenye basi. Tukamla wenyewe. Sikulaumu. Kutoka Bariadi mpaka hapa ni mwendo wa asubuhi moja, nami nakuambia tu kwamba tulisikia.

Nilikuwa nimeapa sitalisema jambo hili. Lakini Winnie amekuja kulia uani kwangu, mume wake hali chakula, anasema Scola atamfunga. Basi kaa usome.

Wewe shule imekusahaulisha, au ni huyo mume wako wa Tanga. Unakumbuka siku Gharib alipokuja kujitambulisha? Alimpa Mayu mkono. Mayu aliutazama ule mkono kama kitu ambacho mtu amekisahau pale, na sisi tukatoka nje kucheka. Gharib tulimsamehe kwa kuwa ni mgeni. Lakini Dastan si mgeni. Dastan ni mtoto wa hapa, na kwa Mayu alikuwa mkwilima, mume wa binti yake. Mkwilima hamgusi mama mkwe. Hamtazami usoni, hali naye, na wakikutana njiani anaingia majanini ampishe. Hata jina lake halitaji. Haya ulizaliwa nayo, sijui uliyaweka wapi.

Basi wewe ukasema mpimaji atoke kijijini. Mkutano ukamchagua Dastan, kijana wa kidato cha nne, mpole, hanywi. Na kijiji kikamkabidhi orodha ambayo ndani yake yumo mama mkwe wake, ambaye kumpima lazima amshike mkono mtupu juu ya kiwiko. Ni afadhali ungemwambia avue nguo mnadani.

Nikueleze ilivyokuwa, maana nilikuwepo. Dastan alikuwa akifika kwenye minyaa anakohoa kwanza, Mayu asikie. Mayu akisikia kikohozi anachukua kigoda chake, na goti lake, anaingia ndani, anarudisha mlango. Hapo Dastan anaingia uani na fulana yake ya mradi, anakaa akiupa mlango mgongo. Ananipima mimi. Anampima wifi yako, wanataniana. Halafu mashine yake ya majina inaleta jina la tatu. Yeye halisomi. Ananigeuzia kioo, anatazama chini, anauliza, "Na huyu?"

Mimi nasema, "Hayupo."

Mashine nayo ina umbea, inauliza tena: atarudi lini? Nasema, "Jioni." Anabonyeza. Wakati huo Mayu yuko ndani anapaza sauti, "Mpeni mgeni maziwa." Wanampa. Dastan anakunywa maziwa ya mtu ambaye hayupo, anashukuru, anaondoka. Kila raundi ilikuwa hivyo, na tukishamaliza Mayu anatoka amefurahi, anasema Winnie amepata mume mwenye adabu.

Ulipomtolea kipimo Krismasi ile alikuambia amepimwa kwa sababu hiyo hiyo. Baadaye aliniambia, "Scola akijua atamfukuza mkwe wangu. Na Winnie atakula nini?"

Na si Dastan peke yake. Wapimaji wako wote wameoa humu humu. Mama wa mke wako ni mkwe, na dada zake mama huyo ni wakwe, na wale waliocheza naye ngoma wakiwa wasichana nao ni wakwe. Ukiwahesabu hivyo, mpimaji wa kiume, kati ya bibi wa kijiji chake, hana wa kumpima. Wale wachache waliopimwa ni wale wasio na binti aliyeolewa hapa, au wale walevi wa gongo ambao hawaogopi mtu.

Unanitaka nikuonyeshe kosa. Nimelitafuta tangu Januari, silioni lilipo. Wewe ulitaka mtu wa kijijini, kijiji kikakupa. Dastan alimheshimu mama mkwe wake. Mayu alimheshimu mkwe wake. Mimi nilijibu nilichoulizwa. Wanasema heshima si utumwa, na ni kweli, na kaburi liko pale nyuma ya zizi.

Siku ya mazishi ni Dastan aliyechimba zaidi ya wote, hukumwona kwa kuwa ulikuwa ndani na akina mama. Alipoletwa Mayu akatupa jembe, akaenda kusimama mbali. Mpaka leo akipita karibu na kaburi anaacha njia, anazungukia kwenye mabua.

Ukitaka kumwachisha, mwachishe. Ila usimwite mvivu.

Kaka yako,
Athanasi


Dar es Salaam,
5 Agosti 2024

Kaka Athanasi,

Natumaini pamba imepata bei. Gharib na watoto wanakusalimia. Nilimsomea Gharib ile sehemu ya mkono wake. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia.

Barua yako niliisoma ofisini. Nikaikunja, nikaenda kikaoni, nikasema niliyokuwa nimepanga kusema, nikala chakula cha mchana. Nimeisoma tena nyumbani, hivyo hivyo. Najua ni habari inayopasa kumwangusha mtu. Mimi niliosha vyombo.

Nilipokuwa Bariadi sikufika nyumbani kwa sababu nisingeweza kuingia uani nikakuta kigoda chake kimekaa bila yeye. Na pale nje Maua aliponiona, ndani walikuwa wanasoma namba zangu, nami sikutaka kuzisikia. Mwombee radhi kwa niaba yangu. Wifi naye, kwa ajili ya kuku.

Nimeyaandika yote kwa wakubwa wangu. Nimesema namba za wanawake wazee wa Meatu hazifai, na za wilaya nyingine huenda nazo hazifai, na kwamba utaratibu ulioziharibu niliutunga mimi, Msukuma, niliyepaswa kujua kuliko wote. Nimeomba mpango wa dawa usimame mpaka tupime upya. Umesimama. Makala tuliyosifiwa tunaiondoa. Yule mwenzangu aliyenipinga mwanzoni aliniandikia neno moja tu, "Pole." Uongozi wa awamu ya pili ya utafiti amepewa yeye, mimi nitabaki kusimamia wapimaji. Walinieleza kwa upole sana. Nikawaambia sawa, na kwa kweli sikusikia kitu.

Kuanzia raundi ijayo wanawake watapimwa na wanawake, na hakuna mpimaji atakayepima kijiji alikooa au kuolewa. Dastan hataachishwa. Atahamia Mwamapalala, kule Itilima, apime wanaume, kule hana mkwe. Kutoka Mwamapalala atakuja kwenu mama mmoja anaitwa Sayi. Mpokeeni.

Mwambie Dastan simwiti mvivu. Sina jina la kumwita. Nikimfikiria namwona amekaa ameupa mlango mgongo, Mayu yuko nyuma ya mlango huo, na kipimo kiko kwenye mkoba wa Dastan, na baina yao hakuna hata hatua za kutosha kumchosha mtu mwenye goti bovu. Sina hasira. Ningekuwa nayo ningejua pa kuiweka.

Chumvi imwageni.

Dawa unameza? Hii ni mara ya ngapi nauliza, kaka.

Scola


Mwandoya,
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Scola,

Mwadila. Sisi wazima, isipokuwa mbuzi mmoja aliyekula mfuko wa plastiki akatutoka. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Tumeshatayarisha shamba. Pole na hayo ya cheo. Winnie aliponisomea pale, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yanatoka machozi ya moshi, alilia yeye kwa niaba yako, kwa hiyo usihangaike.

Mama Sayi alifika. Amepanga chumba nyuma ya duka la Maua, na wanagombana kuhusu redio kama mtu na mke mwenza. Ni mwanamke mnene, anacheka kwa nguvu, mgeni kabisa, hana anayemwogopa. Bibi waliotoka ndani kumfuata, Scola, sikujua tunao wengi hivyo. Walikuwa wanapanga foleni kwa mwenyekiti na vigoda vyao. Mganga wa kituo anasema vidonge vilivyokuwepo vimeisha mara moja, ameandika vingine viletwe haraka. Yule bibi wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa akiimba na Mayu kanisani, alikutwa na presha ambayo Mama Sayi alipima, akapumzisha, akapima tena, akaacha kucheka. Walimpakia kwenye pikipiki siku ile ile. Amerudi, yuko nyumbani, analalamika mboga haina chumvi.

Sasa hapa kwetu. Alikuja Jumapili tumetoka kanisani, wote tupo. Winnie alikuwa anapika. Dastan alikuwa amekuja likizo kutoka Mwamapalala, amekaa kule kwenye minyaa, pale pale anapokaa siku zote asipokuwa kazini, ingawa hakuna tena wa kumkimbia. Mama Sayi akanipima. Kabla hujauliza: namba ilikuwa nzuri. Dawa nameza. Tangu Januari nameza. Sikukuambia kwa kuwa nilianza nilipoona mdomo wa Mayu, na sikutaka kuuandika mdomo ule kwenye karatasi.

Akampima wifi yako. Halafu mashine ikaleta jina, naye akalisoma kwa sauti yake ile ya mnadani. "Klementina Nyanda."

Hakuna aliyekuwa ameiambia mashine. Ile kazi ni ya mahojiano ya msiba, na mahojiano niliyafukuza mimi. Kwa hiyo humo ndani Mayu alikuwa bado mzima.

Winnie akatazama sufuria. Mama Sayi akadhani ni masikio yangu, akarudia kwa nguvu zaidi, "Bibi Klementina. Yupo?"

Nikasema, "Hayupo."

Ilinitoka yenyewe, kama nilivyozoea. Akabonyeza. Na mashine, unaijua, ikauliza lake, naye akanisomea. "Atarudi lini?"

Nilifungua mdomo nikasikia ile "jioni" imekaa kwenye ulimi tayari, nikafunga mdomo. Wifi yako akanishika goti.

Ni Dastan aliyejibu. Alisimama kule kwenye minyaa, akavua kofia, akaja mpaka katikati ya uwanja, akautazama ule mlango wa Mayu, ambao sijawahi kumwona akiutazama. Akasema, "Mama Klementina Nyanda amefariki. Alifariki Januari. Mimi ni mkwe wake." Winnie aliacha kukoroga. Miaka yote waliyooana hajawahi kumsikia mume wake akilitamka jina hilo.

Mama Sayi akatupa pole, akafuta, akaingiza upya. Alikaa kidogo na sisi. Hakucheka tena siku hiyo.

Dastan alipoondoka alipita karibu na kaburi. Nilimtazama nione atazungukia wapi. Alisimama njiani kidogo, kisha akaifuata njia moja kwa moja.

Yule mama wa mahojiano wa Bariadi mwambie arudi. Nitajibu. Mkono wa kwanza kulegea ulikuwa wa kulia.

Chumvi hatujaimwaga. Wifi yako amekuwa kiziwi ghafla katika jambo hilo, nadhani nimemwambukiza.

Kaka yako,
Athanasi


Dar es Salaam,
15 Novemba 2024

Kaka Athanasi,

Poleni na mbuzi. Hapa sote wazima.

Siku ile ya Jumapili sikuwa ofisini. Jumatatu nilifungua kompyuta kama kawaida nione raundi inavyokwenda. Majina ya Mwandoya yalikuwa yamefika yote. Nikashuka mpaka la Mayu. Safu ndefu ya hayupo, hayupo, na mwisho wake neno jingine. Barua yako ilikuwa haijafika, sikujua nani kalisema. Nililisoma mara moja tu, kaka, nikalia. Nililia mlango ukiwa wazi, na yule mwenzangu aliyechukua nafasi yangu akaja akaufunga kutoka nje, akasimama hapo kuwazuia watu. Nililia mpaka koo likauma. Mguu umeanza kusikia, na unauma vibaya sana.

Nakuja Desemba. Sitaishia Bariadi. Nitakuja na Gharib, ameshaniapia kwamba mikono yake itakaa mfukoni. Mahojiano ya msiba kanuni inanikataza kuuliza mimi, kwa hiyo yule mama atauliza, wewe utajibu, na mimi nitakaa hapo kwenye kigoda cha Mayu nisikie. Mwambie Dastan asikae kwenye minyaa. Aje akae na sisi.

Asante kwa kumeza dawa.

Na mwambie wifi, yule kiziwi, asiimwage ile chumvi. Siku nitakayofika apike mlenda, na aitie hiyo hiyo, kidogo.

Mdogo wako,
Scola